Ukuta Usio na Nundu

Mimi ni fundi rangi, na nasema mapema ili mtu asije kuniuliza baadaye niliingiaje katika mambo haya. Fundi rangi hapiti mtaani kama watu wengine. Wewe unaona nyumba, mimi naona ukuta, na kwenye ukuta naona lipu ilivyovimba pale chini kwa unyevu. Na nikimwona mtu anatembea kando ya ukuta kwa hatua za kulingana, midomo inacheza kwa hesabu, kisha anaugonga kwa kidole na kutega sikio, siulizi anafanya nini. Anapima. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyopima kabla ya kutaja bei, huu mwaka wa ishirini na sita. Kwa hiyo asubuhi ile, nilipokuwa juu ya ngazi yangu nikamwona shangazi yangu anakuja na mwanamume nisiyemjua, wote wawili wanahesabu hatua, na shangazi anagonga kuta za watu, nusura nitumbukie kwenye ndoo.

Mtaa wetu uko juu ya mlima, katikati ya jiji. Jiji lenyewe lilianzia huku juu, enzi za kuta nene na milango mizito, kisha likateremka bondeni kutafuta nafasi, na halipandi tena isipokuwa siku za mapumziko. Siku hizo watu wa chini wanakuja kutembea. Wanaingia kwa lango la mawe, wanapanda vichochoro ambamo wanene wawili hawapishani, wanapiga picha madirisha na nguo zetu tulizoanika, wanasoma vibao vya kona vinavyosema nani aliishi wapi, halafu wanafika ukingoni kwenye mabenchi na kulitazama jiji lao kwa mbali kana kwamba si wao waliotoka huko asubuhi. Tumewazoea. Kwa sheria ya mtaa kuta zote lazima ziwe na rangi moja, ya chai yenye maziwa mengi, na mwenye kandarasi ya kuzipaka ni mimi. Hakuna ukuta wa mlimani ambao mkono wangu haujaupitia. Ukipitisha kiganja kwenye kazi yangu hakikwami popote, na hilo natamba nalo.

Sasa, kwa nini nishtuke kumwona mtu anatembea? Kwa sababu katika kichochoro cha shangazi nyumba tatu zimekwenda kwa miaka minne, na zote zilianza na matembezi. Ya mjane wa fundi saa ilianza hivyo hivyo. Alikuja bwana mmoja mpole, anauliza historia, anasifia dirisha. Mara ya pili akaja na biskuti, mara ya tatu akaja na kalamu. Leo mjane yuko kwa binti yake, ghorofa ya tisa, na nyumba yake ni ya wageni, ina vyungu vya maua na kufuli la kubonyeza namba. Nyumba ya shangazi ni ya mwisho kabisa, ile inayotazama bonde, na kila dalali wa jiji hili anaiota.

Shangazi ndiye aliyenilea. Baba yangu, kaka yake, alifariki nikiwa na miaka tisa, mama akaolewa kwingine, na shangazi akanichukua mimi na sanduku langu akanipa chumba cha nyuma. Hakuzaa. Alikuwa akishona sare za shule, na nusu ya watoto wa jiji hili wamekaa darasani na vifungo vyake kifuani. Sasa ana miaka sabini na moja, cherehani ameifunika, anasema mgongo unamsumbua. Mimi naishi chini na mume wangu, kwenye fleti. Miaka miwili sasa nimemtengea chumba, nimekipaka rangi mwenyewe, pazia nimetundika, kitanda kipo. Kila nikimwambia ahamie ananijibu, "Nitakuja nikichoka." Hachoki, mama huyu.

Basi nilishuka kwenye ngazi mbio.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, Brashi." Ndilo jina alilonipa siku niliyoanza kazi. "Ndiyo kwanza unaanza ukuta huu?"

"Naanza, ndiyo. Na huyu bwana?"

"Rafiki. Tunatembea tu."

"Mnatembea kwenda wapi?"

"Tunatembea, mwanangu. Kwani lazima mtu aende mahali?"

Yule bwana akanipa mkono. Wa miaka hamsini hivi, shati limepigwa pasi, sauti ya chini, adabu tele. Viatu vyake vilikuwa na soli nene za mpira, havitoi hata mlio, na mtu mzima anayetembea bila mlio mimi simwamini. Nikamwita Bwana Soli, moyoni na baadaye mdomoni. Shangazi akamshika kiwiko wakaenda zao, yeye nyuma kidogo, bwana mbele kidogo, wanahesabu.

Jioni nilimweleza mume wangu. Mume wangu ni dereva wa lori la maji, mtu asiye na haraka hata na ajali.

"Labda wanapendana," akasema.

"Shangazi? Ana miaka sabini na moja!"

"Kwani kuna sheria?"

"Anamgongesha kuta! Mapenzi gani ya kugonga kuta?"

"Wewe si ulinipenda nikiwa nimebeba ndoo zako? Kila mtu na yake." Akaendelea kula. Nilitamani kummwagia mchuzi.

Kesho yake nikaenda kwa kinyozi. Kibanda chake kiko kwenye kona, kioo chake kikubwa kinaangalia kichochoro, na yeye akikunyoa anakutazama nusu, nusu nyingine anatazama mtaa. Nikamuuliza kijuujuu, eti amewaona?

"Kuwaona tu? Ninawajua kwa ratiba!" Akazima mashine yake. "Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, saa tatu kamili. Wanatoka mlangoni, wanakuja mpaka hapa, wanasimama. Wanarudi. Wanakuja tena. Fundi, mimi nimeona watu wakitembea mlima huu tangu sijaota ndevu. Mtembezi anatazama mandhari, anapiga picha, anaulizia choo. Hawa hawatazami kitu! Wanapita mahali pale pale mara sita."

"Wanapima," nikasema.

"Mimi sijasema. Umesema wewe." Lakini alitingisha kichwa kama mtu aliyesema.

Ijumaa nikawafuata. Niliacha ngazi, nikavaa kofia ya jua kama watu wa matembezi, nikawa nyuma yao hatua ishirini hivi. Aibu ilinishika, sitasema uongo. Mtu mzima mwenye wajukuu wa jirani wanaomwita bibi, najibanza nyuma ya nguo za watu zilizoanikwa! Shangazi alikuwa amemshika kiwiko na kufumba macho, kabisa, anatembea kama msichana anayeota. Mbele ya nyumba ya mjane akaachia kile kiwiko, akapapasa ukuta, akagonga.

"Hapa mwisho ni wapi?" Bwana Soli akamuuliza.

"Hapa."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Kuanzia mlangoni kwangu, hatua thelathini na moja."

Mipaka! Wanaonyeshana mipaka hadharani, asubuhi kweupe. Wakashuka ngazi ya mawe taratibu, wakapita kisima kilichofunikwa, wakafika ukingoni na kukaa kwenye benchi. Jiji zima lilikuwa chini yao, mabati yanang'aa, honi zinasikika kama mbu, na hakuna hata mmoja aliyelitazama. Nikajibanza nyuma ya nguzo ya taa.

"Bado wiki moja," Bwana Soli akasema. "Tungewaambia ndugu zako sasa, ingekuwa vizuri zaidi."

"La. Tumalize kwanza." Hiyo ilikuwa sauti ya shangazi, ile sauti yake ya kukata kitambaa. "Brashi akijua kabla hatujamaliza, ataharibu yote."

Nilishika ile nguzo. Jamani, nimepigwa na nyundo kidoleni, nimeanguka kutoka ghorofa ya kwanza na brashi mkononi, sijawahi kuumia vile. Mimi, ambaye kila siku ya Mungu nampitia, namletea sabuni, namsomea bili zake! Nikarudi kazini, nikapaka ukuta mmoja mara mbili bila kujua.

Jumatatu nilipita dirishani kwake saa tano. Dirisha la sebuleni lilikuwa wazi kwa sababu ya joto, wamekaa mezani. Kulikuwa na karatasi. Bwana Soli akaweka rula ya chuma juu ya karatasi, akamshika shangazi kidole, akakipeleka pale kwenye rula, na shangazi akasaini. Kidole, nasema! Alimwongoza kidole kama mtoto wa chekechea. Ningekuwa na akili zangu timamu ningejiuliza kwa nini mwanamke aliyeshona miaka arobaini aonyeshwe mahali pa kusaini. Sikujiuliza. Niliona kalamu nikamwona mjane wa fundi saa.

Nikasubiri yule bwana aondoke, nikaingia.

"Shangazi, umesaini nini?"

Alikuwa anaosha vikombe. Hakugeuka. "Umeanza kunichungulia dirishani?"

"Nimepita tu."

"Mtu anayepita tu haoni kalamu."

"Nyumba imeuzwa?"

Hapo akageuka, akaelekeza uso upande wangu, si machoni, karibu na bega, nami nikadhani ni hasira. "Brashi. Nyumba ni yangu, mkono ni wangu, miguu ni yangu. Nikitaka kutembea nitatembea na nimtakaye. Umesikia?"

"Nimesikia, lakini yule mtu ni tapeli."

"Nenda kazini, mwanangu."

Nikaenda. Nilikuwa nalia, na nikilia mimi huwa napiga kelele, kwa hiyo mtaa mzima ulijua.

Jumatano nikafikia ukuta wa pembeni wa nyumba ya mjane, kwenye kona. Kama kawaida nilipitisha kiganja kwanza kabla ya brashi. Kikakwama. Usawa wa nyonga palikuwa na kinundu, ukubwa wa harage, cha saruji, kimepakwa rangi ile ile ya ukuta kwa ustadi usiokionyesha hata ukikaribia. Kwenye ukuta wangu! Nikakikwangua kidogo kwa kucha, nikainusa rangi. Ilikuwa yangu. Ndoo zangu za akiba naziweka stoo kwa shangazi, na mwezi uliopita nilikuta moja imepungua nikadhani ni mvuke.

Nikaanza kufuatilia, kiganja ukutani, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kwenye kona ya kinyozi, kinundu kimoja. Kwenye nyumba ya seremala, pale juu ya ngazi ya mawe, viwili. Kisimani, kimoja. Na kando ya mlango wa shangazi, vitatu, vimejipanga. Sehemu kumi na moja kwa jumla. Nikakaa juu ya ndoo na kuhesabu upya, na hesabu ikakaa sawasawa, ndiyo iliyonimaliza. Nyumba ya mjane imeshauzwa: kimoja. Nyumba ya seremala, ambaye kila mtu anajua anasumbuliwa na madalali auze: viwili. Ya shangazi, iliyokwisha sainiwa: vitatu. Ni alama zao! Wanajiandikia ukutani ipi imeliwa, ipi inatafunwa, ipi iko tayari, na wanazificha kwa rangi yangu mwenyewe.

Kinyozi nilipomwonyesha alipapasa, akavuta pumzi. "Hao watu wana mtandao," akasema.

Sikumwambia mume wangu. Angesema nikamuulize shangazi, na mimi nilikwisha kuuliza nikafukuzwa.

Ijumaa nilipanda mlima saa moja asubuhi na patasi, msasa na ndoo ndogo. Mpango wangu ulikuwa rahisi: wakija wanunuzi wakubwa kukagua alama zao, wasikute kitu. Wagombane wao kwa wao. Nilianza mlangoni kwa shangazi, kimyakimya, yeye bado yuko jikoni nasikia birika. Vitatu vikang'oka. Nikaziba, nikasugua, nikapaka. Nikaenda kona ya kinyozi, kisimani, kwa mjane, kote. Cha mwisho nilichokifanya ni kwa seremala, vile viwili vya juu ya ngazi ya mawe. Nilivikwangua mpaka ukuta ukawa kama shavu la mtoto, nikapitisha rangi mara mbili. Ilikuwa inakaribia saa tatu. Nilikuwa nimefurahi, Mungu anisamehe. Nilikuwa naimba.

Nikaenda bombani nyuma ya kisima kuosha brashi. Ndipo nikasikia ukelele mmoja, mfupi, kisha kitu kinaporomoka.

Nilimkuta shangazi kwenye kidato cha tano cha ngazi ya mawe, amelala ubavu, kiatu kimoja kimebaki juu, mkono wake wa kushoto umekaa upande ambao mkono haukai. Alikuwa peke yake. Bwana Soli alikuwa anapanda mbio kutoka ukingoni, na mimi sikumsubiri afike. Nikamkamata kola.

"Umemfanya nini? Mwizi wa nyumba za wazee, sasa umeanza kuwaua?"

"Mama, mimi nilikuwa kule chini, namsubiri!"

"Ulimsukuma!"

"Mwache," shangazi akasema. "Brashi, mwache mtu. Ni mimi. Kona nilizikata kwa hesabu tu, nikafika pale juu nikapapasa, hapakuwa na kitu. Nikasema labda nimehesabu vibaya, bado sijafika. Nikaongeza hatua."

"Ukapapasa nini?"

Aliinua ule mkono mzima. Ncha za vidole vyake zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, mbichi, inang'aa. Akavisuguanisha, akavipeleka puani. Kinyozi alikuwa amefika na taulo lake, seremala ametoa kichwa dirishani.

"Ni wewe?" shangazi akaniuliza.

"Shangazi, vile vinundu ni vya madalali, mimi nilitaka..."

"Nimeuliza, ni wewe?"

"Ni mimi."

Bwana Soli akakaa kwenye kidato, akafunika uso kwa viganja. Mtu wa watu. Ndiye aliyenieleza tulipokuwa tunasubiri gari, kwa sauti ile ile ya chini, bila kunitukana, na ningependa angenitukana. Yeye anafanya kazi katika kliniki ya macho. Kazi yake ni kuwafundisha kutembea watu ambao macho yao yanakwenda na hayatarudi. Ya shangazi yalianza kwenda miaka mitatu iliyopita, kutoka pembeni kuja katikati, na sasa alikuwa amebakiwa na mwanga na vivuli tu. Unamshika mwalimu kiwiko, nusu hatua nyuma. Unahesabu. Unagonga ukuta, kwa sababu mbele ya mlango sauti inabadilika. Kinundu kimoja, kata kona. Viwili, simama, kuna ngazi. Vitatu, umefika nyumbani. Karatasi ilikuwa ya kliniki, kwamba mafunzo yanaelekea mwisho na mwanafunzi yuko tayari kutembea peke yake. Na Ijumaa ile ndiyo ilikuwa siku yenyewe, siku ya kwanza bila kiwiko cha mtu, kutoka mlangoni mpaka benchi la ukingoni, mwalimu akimsubiri mwisho wa safari.

"Kwa kawaida tunatumia fimbo nyeupe," akasema. "Aliikataa. Akasema akishika fimbo mtaa utajua, na mtaa ukijua, utajua wewe."

"Na nikijua mimi, kuna nini?" Nilimgeukia shangazi. "Kuna nini, shangazi? Mimi si mtoto wako?"

Alikuwa ameegemea ukuta wangu, uso umemkauka kwa maumivu. "Ulishakipaka rangi chumba," akasema. "Pazia umetundika. Ungenipa siku ngapi, Brashi? Mbili?"

Nisingempa hata moja. Mlimani yuko peke yake, ngazi, vichochoro, jiko la gesi. Ningepandisha lori la mume wangu jioni ile ile. Ningembeba na birika lake mkononi.

"Upofu nilikuwa nimekwisha uzoea," akasema. "Nilichokuwa naogopa ni chumba chako."

Na mimi ambaye natofautisha rangi mbili za maziwa kwa jicho tupu, nilikuwa nimemsomea bili zake miaka mitatu nikidhani anadeka.

Kifundo cha mkono kilivunjika mahali pawili. Wiki saba za plasta, na wiki saba hizo alikaa wapi? Kwangu, kwenye chumba kile. Hakulalamika hata siku moja, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Alikaa kitandani mikono mapajani. Fleti yetu hakuijua, kila kona ilimgonga, na tulipomshika mkono kumpeleka msalani alijikaza kama mti. Mle ndani alizeeka. Mume wangu, mtu wa kutania, aliacha utani. Siku moja aliniita jikoni akaniambia, "Yule siye shangazi yako tuliyemzoea. Mrudishe."

Plasta ilipotolewa, daktari akataka mtu wa familia aseme kama mgonjwa anaweza kuishi peke yake. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti kando yangu. Hakuomba, hakunigeukia. Alisubiri tu, mkono wake mwembamba uliotoka kwenye plasta juu ya goti, kidole kinapapasa mshono wa gauni. Moyo wangu wote ulisema hapana. Ataanguka tena, atajiunguza, tutamkuta siku ya tatu. Nikasema anaweza. Nikasaini mimi.

Akarudi mlimani na fimbo nyeupe mkononi, maana sasa hakukuwa na cha kuficha. Vinundu nilivirudisha mimi mwenyewe, sehemu zote kumi na moja, kwa kipimo cha Bwana Soli. Shangazi alivikagua kimoja kimoja na mwalimu wake pembeni. Mimi nilisimama na ndoo. Kila alipomaliza kimoja alimuuliza yeye, si mimi, "Viko vyote? Umehakikisha kwa macho yako?" Na Bwana Soli kwa upole wake akajibu kila mara kwamba amehakikisha.

Sasa anatembea. Saa tatu anatoka, saa nne anarudi, kinyozi ananipigia simu kuniambia kapita, ingawa sijamwomba. Watu wa matembezi wanampisha kichochoroni na yeye anawasalimu wote. Ana afya nzuri kuliko mimi.

Nami nampitia kila siku kama zamani. Naleta sabuni, namsomea bili, tunacheka, ananiuliza mume wangu hajambo. Ananipenda, najua, na hajawahi kunirudia kwa neno moja la lawama. Lakini nikiinuka kuondoka ananiuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umesogeza kitu?" Namjibu sijasogeza. "Haya, mwanangu. Fika salama." Nafunga mlango, nasimama nje kidogo, na namsikia anaanza: kikombe, kisu, kiberiti, funguo, anagusa kimoja baada ya kingine kuona kama kila kitu kiko alipokiacha. Bwana Soli akitoka, shangazi hafanyi hivyo, wala kinyozi akimletea maziwa. Nilimuuliza kinyozi, akaniambia hapana, yeye akiondoka hasikii kitu.

Akimaliza mezani anahamia kwenye rafu. Namngoja pale nje mpaka amalize, ndipo naenda kazini.